Dhahabu, Duara na Kiinua Mgongo: Mhadhara kwa Watu wa Songwe



Mkoa huu umelalia dhahabu. Wachimbaji walianza kumiminika kwenye machimbo ya Lupa miaka ya 1920, na leo mgodi wa New Luika uko wilayani Songwe, sambamba na maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo. Ndiyo maana mwalimu akistaafu na kupokea kiinua mgongo chake, hachelewi kufuatwa: kuna duara limekaribia mwamba, linahitaji hela ya dizeli na posho ya vijana, mtagawana mawe yakipanda.

Jioni hii nasisitiza jambo moja. Kufadhili duara si kuweka akiba ya dhahabu. Ni biashara ya uchimbaji: maji hujaa, mwamba hupotea, mawe hupita kwenye karasha ya kuyasaga yasitoe kitu. Kijana wa miaka 30 ataanza upya. Mtu wa miaka 60 ataanza na nini?

Dhahabu yenyewe, iliyokwisha kusafishwa, kazi yake ni kulinda thamani pale noti zinapodhoofika. Watu wa Tunduma mnalijua hilo kuliko mimi. Januari 2013, baada ya kwacha kudhoofika kwa miaka mingi, Zambia iliikata sifuri tatu, na kilichokuwa kwacha 1,000 pale Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kikawa kwacha moja.

Lakini ulinzi huo una mipaka, na hapa naomba tupige hesabu taratibu. Januari 1980 wakia moja, yaani gramu 31.1, ilifika dola 850. Dola ilikuwa shilingi 8 na ushei, kwa hiyo wakia ilikuwa kama shilingi 7,000. Mwaka 2000 wakia ilikuwa dola 280 hivi, na dola ilikuwa imefika shilingi 800: wakia ikawa shilingi 224,000. Aliyenunua kileleni 1980 akauza 2000 alipata shilingi mara 32 ya alizotoa. Anaweza kushangilia, mpaka akumbuke kwamba dola katika muda huohuo ilipanda karibu mara 100. Dhahabu ilimwokoa kiasi na kushuka kwa shilingi; haikumwokoa na kushuka kwa bei yake yenyewe. Na kwa miaka yote 20 haikumpa hata senti ya kununulia unga, maana dhahabu haizai riba. Ni kweli bei ilipanda baadaye, na mwaka 2025 ikavuka dola 4,000. Aliyestaafu 1980 akiwa na miaka 60 angekuwa na miaka 105.

Wengi wetu tunanunua kwa sonara. Muulize karati kabla ya bei. Bangili ya gramu 20 ya karati 22 ina dhahabu halisi gramu 18.3, ya karati 18 ina gramu 15 tu. Siku ya kuuza, mizani haipimi ufundi uliolipia, na sonara naye atakata faida yake. Dai risiti yenye uzito na karati, mwenzio na watoto wajue ilipo.

Dhahabu ghafi ni habari nyingine. Sheria ya Madini ya 2010 inakataza kumiliki madini bila leseni au kibali. Mzee anayenunua gramu mbili tatu porini na kuzifunga kwenye kitambaa, hata kama nia yake ni njema, anaweka uzeeni mwake kesi ya jinai. Biashara hiyo ina masoko yake ya madini, ambayo Serikali ilianza kuyafungua mwaka 2019, na wenye leseni wanayajua.

Kwa mtumishi wa umma kama mwalimu, mkupuo wa pensheni, yaani kiinua mgongo, ni mdogo kuliko zamani. Kikokotoo cha Julai 2022 kiliuweka kwenye asilimia 33 ya pensheni, kabla ya kurekebishwa baadaye. Kwa hiyo mimi ningetanguliza fedha ya matumizi na matibabu mahali inapotoka haraka, benki au mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT AMIS uitwao Ukwasi. Kisha hatifungani za Serikali, ambazo hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Kwenye dhahabu ningeweka kinachobaki, kisichozidi sehemu moja ya kumi, tena kwa kununua kidogo kidogo kwa miaka kadhaa kabla ya kustaafu, ili nisinase kwenye bei ya kilele kama ya Januari 1980. Na kwenye duara, mzee wangu, nisingeweka kitu.