Lisemwalo Lipo?

Msikilizaji, wahenga walituachia methali ambayo leo naipandisha kizimbani: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Wamefika watafiti wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, kuchukua sampuli za udongo. Mwanamke mmoja akawaona, akapiga yowe: wanyonya damu! Yowe likakusanya kijiji. Watafiti wawili na dereva wao wakauawa, wakateketezwa kwa moto. Mwaka uliofuata, uvumi kama huohuo ukaua watu kusini mwa Malawi, hadi Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Usiharakishe kusema hao ni washamba. Mumiani, huyo mnyonya damu wa uvumi, hakuzaliwa Mvumi. Enzi za mkoloni, watu wa mjini kabisa, Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Kampala, walisadiki kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mtu akiliona gari lao jioni, alibadilisha njia.

Na watu hao walikuwa wakiishi vipi? Walitozwa kodi ya kichwa na serikali ambayo hawakuichagua. Walisombwa kwenda kazi za shuruti. Waliitwa wapange foleni, wakatolewa damu ya kupimwa, na hakuna aliyejisumbua kuwaeleza inakwenda wapi. Jasho lao lilikuwa linanyonywa mchana kweupe. Uchungu ulikuwa wa kweli. Ila aliyebebeshwa lawama hakuwa mhusika. Mkubwa asipoeleza, mdogo hujieleza, na maelezo yake huja na meno.

Halafu kuna jambo linalotutatiza zaidi: njama nyingine ni za kweli. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende bila kuwaambia wanaumwa nini. Penisilini ilipokuja kuwa tiba ya kawaida, hawakupewa. Kwa hiyo mtu mweusi wa kule akiitazama sindano kwa jicho la pembeni, usimcheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini tazama siri hiyo ilivyofichuka. Peter Buxtun, aliyekuwa mtumishi wa idara hiyohiyo, aliwapa waandishi habari hizo, na Julai 1972 shirika la Associated Press likaitangazia dunia. Yalikuwapo mafaili, tarehe, na wagonjwa waliokuwa hai wa kusimama na kusema: ni mimi.

Sasa mlete mumiani kwenye mizani hiyohiyo. Kila aliyeponea chupuchupu ni jirani wa shemeji ya fulani. Wazimamoto wakikana, watu husema: ulitaka wakubali? Wakinyamaza: mnaona, wanaficha. Kukana ni ushahidi, kunyamaza ni ushahidi. Dai la namna hiyo ni mtego wa panya, una mlango wa kuingilia tu.

Basi usiku wa leo simu yako ikilia, sauti ya mtu usiyemjua kwenye WhatsApp ikakuambia chanjo ile inaua uzazi, sambaza kabla hawajaifuta, weka kidole pembeni kwanza. Jiulize: nani ameona kwa macho yake, na yuko tayari kutaja jina lake? Wangapi wangelazimika kufunga midomo, madaktari, madereva, wafagizi, ili siri hii isivuje? Na swali gumu kuliko yote, la kujiuliza mwenyewe: nikionyeshwa nini nitakubali kwamba nimekosea? Ukikosa jibu, ujue hutafuti ukweli tena, unatafuta wa kumpiga. Na anayekuambia fanya haraka, mwambie aliyefanya njama ya kweli hufichuliwa hata baada ya miaka 40. Kusubiri hadi kesho hakumpi nafasi ya kuponyoka.

Mahali pa ile methali mshtakiwa, naweka msemo wa vijiweni: akili za kuambiwa, changanya na zako. Siku ile Mvumi yowe lilisikiwa na watu wengi. Alihitajika mmoja tu wa kusema, subirini jamani, tutazame wamebeba nini.

Wangekuta udongo, msikilizaji. Udongo wa mashamba yao wenyewe.