Uwanda wa Kuona: Macho ya Anayekubeba

Mazungumzo na abiria na wasafirishaji wa Manispaa ya Kigoma Ujiji

 

Nimetumwa kuzungumza nanyi juu ya usalama wa abiria, na najua wengi mmekuja na maswali ya nauli. Maswali hayo tutayapokea. Kwanza naomba tuangalie kitu ambacho abiria hukitegemea kila anapopanda chombo, ingawa hakiandikwi kwenye tiketi: macho ya yule anayembeba. Hasa nataka tuzungumzie uwanda wa kuona, yaani eneo lote ambalo macho hulipokea kwa wakati mmoja, pasipo kugeuza shingo wala kuzungusha mboni.

Binadamu mwenye macho mazima akitazama mbele yake huona takriban nyuzi 200 kutoka ubavu hadi ubavu, zaidi kidogo ya nusu duara. Katika hizo, nyuzi 120 hivi za katikati huonwa na macho yote mawili pamoja, na hapo ndipo tunapopima umbali vizuri zaidi. Pembeni, kila upande, hubaki ukanda unaoonwa na jicho moja tu. Nyuma yetu hatuoni kitu.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Ni kweli, lakini yana kingo, na hata ndani ya kingo hizo upana si ung'avu. Nyosheni mkono mbele na mtazame ukucha wa kidole gumba. Upana wa kidole hicho ni kama nyuzi mbili, na hilo ndilo eneo pekee ambalo jicho hulisoma kwa uwazi kamili. Sehemu iliyobaki hutambua mwendo, mwanga na maumbo ya jumla, kisha humwambia mtu: geuka utazame. Basi anayekosa pembeni hukosa ule mwito wa kugeuka.

Zaidi ya hayo, kila jicho lina doa pofu, pale mshipa wa fahamu unapotokea kwenda kwenye ubongo. Chukueni karatasi, mchore alama ya kujumlisha, na kulia kwake, umbali wa sentimita saba, nukta nene. Fumba jicho la kushoto, kazia jicho la kulia kwenye alama ya kujumlisha, kisha sogeza karatasi taratibu kuelekea usoni. Ikifika karibu sentimita 25 nukta itatoweka. Tazama pia kinachobaki mahali pake. Huoni shimo wala giza, unaona karatasi nyeupe tu. Ubongo umejaza pengo bila kukuuliza. Naomba jambo hili mlikumbuke, nitalirudia.

Wanyama wamegawiwa macho kwa namna nyingine. Mbuzi wa Ujiji anayelisha kando ya barabara ana macho ya ubavuni na mboni zilizolala kama ufa, naye huona nyuzi 320 hadi 340 za mduara mzima. Akiinamisha kichwa kula, macho yake huzunguka ili mboni ibaki sambamba na ardhi. Kwa hiyo dereva anayedhani mbuzi hajamwona mara nyingi amekosea. Kinachomvusha mnyama huyo barabara ghafla ni wenzake walio ng'ambo. Ukiona mbuzi mmoja huku na kundi kule, punguza mwendo. Hasara ya upana huo ni kwamba macho yake mawili hukutana katika eneo dogo tu la mbele. Sokwe wa Gombe, jirani zetu wa kaskazini, wako upande wetu: macho yao yako mbele, nao hupima vema umbali wa tawi la kurukia, lakini hawana habari ya kisogoni.

Mfano unaonivutia kuliko yote umo ziwani humu humu. Ziwa Tanganyika lina samaki mdogo alaye magamba ya samaki wenzake. Wataalamu humwita Perissodus microlepis. Humvizia mwenzake kutoka nyuma, mahali macho ya windo yasipofika vizuri, humnyakua magamba ya ubavuni na kutimka. Midomo ya samaki hawa imepinda, wengine kulia, wengine kushoto. Aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, na aliyepinda kushoto hushambulia wa kulia. Mwaka 1993 mtafiti Mjapani, Michio Hori, alichapisha katika jarida la Science kwamba idadi ya makundi haya mawili hupanda na kushuka ikizunguka nusu kwa nusu. Maelezo yake ni haya: wa kulia wakizidi, windo hujifunza kulinda zaidi ubavu wanaoushambulia, na hapo wachache wa kushoto ndio wanaopata chakula kwa urahisi. Kisha mambo hugeuka. Samaki hana shingo ya kugeuza wala kioo cha pembeni, lakini hujua kwamba ana upande asiouona, naye huulinda.

Dereva ana shingo na ana vioo. Basi tuone anavitumiaje.

Nianze na pikipiki. Kofia ngumu haina mjadala, iwe kwa dereva au kwa abiria. Lakini kofia hutofautiana. Kanuni za Marekani hutaka kofia ya pikipiki imwachie mvaaji nyuzi zisizopungua 105 kila upande kutoka katikati ya uso, kiasi kinacholingana na mpaka wa jicho lenyewe. Maana yake, kofia nzuri haikuibii chochote. Mnunuzi anaweza kuipima dukani bila kifaa. Kabla ya kuivaa, tazama mbele, nyosha mikono pande zote mbili ikiwa nyuma kidogo ya mabega, kisha ilete mbele taratibu huku ukichezesha vidole. Kumbuka pale ulipoviona kwanza. Vaa kofia, rudia. Tofauti kati ya mahali hapo pawili ndiyo sehemu ya macho yako ambayo kofia inaichukua. Ikiwa kubwa, irudishe rafuni, hata kama bei ni nzuri. Angalia pia alama ya ubora ya TBS, na usikubali kioo cha usoni kilichokwaruzika au cheusi kwa safari ya usiku.

Vioo vya pembeni ni habari inayosikitisha. Wapo vijana wanaoving'oa pikipiki ikiwa mpya, ama kwa urembo, ama wapate kupenya foleni. Wapo wanaoviacha lakini wameviinamisha watazame nywele zao. Pikipiki iendayo kilomita 36 kwa saa hukata mita 10 kila sekunde. Dereva asiye na kioo analazimika kugeuza kichwa nyuma, na kwa sekunde hiyo moja mita 10 za mbele zinapita bila mtu wa kuzitazama. Abiria, una haki ya kuuliza vioo viko wapi kabla hujapanda. Una haki pia ya kukataa mishikaki: ukiwa wa pili nyuma, na mzigo mapajani, wewe mwenyewe ndiye pazia la dereva.

Kuhusu magari makubwa nina neno moja. Mkoa wetu unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Nchi zote mbili huendesha kulia, sisi kushoto. Dereva wa lori lenye usukani wa kushoto, akiwa kwenye barabara zetu, huona vibaya upande wake wa kulia, na huko ndiko magari ya Tanzania yanakopitia yakitaka kumpita. Kipimo ni rahisi. Kama huuoni uso wa dereva ndani ya kioo chake cha pembeni, naye hakuoni wewe. Usikae hapo.

Kwenye maji macho hupata mtihani mwingine. Nahodha wa boti ya mashine hukaa nyuma, na mbele yake kuna magunia, madumu na watu. Abiria akisimama, mwenye usukani hupoteza kipande cha ziwa. Kwa hiyo mnapoombwa kukaa pale Kibirizi msidhani ni ukali. Na shehena ikirundikwa hadi nahodha anainuka ili aone mbele, boti hiyo imepakia kupita macho yake, hata kama bado inaelea vizuri. Ngojeni nyingine.

Usiku wavuvi wa dagaa na migebuka huwasha taa, na ziwa likapendeza kama mji. Taa hizo huvuta samaki lakini huharibu macho ya nahodha. Jicho lililotazama mwanga mkali huweza kuchukua nusu saa kuzoea giza kikamilifu. Abiria anayewasha tochi ya simu karibu na uso wa nahodha anamnyang'anya nusu saa hiyo. Tena usiku sehemu ya katikati ya jicho ndiyo dhaifu, kwa kuwa chembe zinazopokea mwanga hafifu ziko kandokando yake. Mtumbwi usio na taa huonekana vizuri zaidi ukitazama kando yake kidogo kuliko ukiukazia macho.

Nimesema kuhusu vifaa na mizigo. Sasa niseme kuhusu jicho lenyewe.

Mwezi Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, wakiwa na kiongozi wao Sidi Mubarak Bombay, walilifikia ziwa hili baada ya miezi mingi ya safari kutoka pwani. Macho ya Speke yalikuwa yameugua sana, hata akaufikia ukingo wa maji aliyoyatafuta asiweze kuyaona ila kama ukungu. Speke, hata hivyo, alijua kwamba haoni, na aliongozwa na wenye kuona.

Mgonjwa wa glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, kwa kawaida hajui. Aina yake iliyoenea zaidi haiumi wala haiwashi, na mara nyingi huanza kula pembeni mwa uwanda wa kuona. Na kama mlivyoona kwenye karatasi, ubongo huziba pengo kwa kilicho jirani. Mtu anaendelea kusoma gazeti, kuhesabu chenji na kuendesha gari, hadi siku mtoto anapotokea ubavuni. Kilichopotea hakirudi, dawa na upasuaji huzuia kisipotee zaidi. Hatari huongezeka baada ya miaka 40, nasi wenye asili ya Afrika tumo katika hatari kubwa zaidi, kama walivyo wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua.

Wenye mabasi na maboti, nawaomba jambo hili kwa heshima. Kipimo cha herufi za ukutani hupima ung'avu wa katikati peke yake. Dereva anaweza kuzisoma zote huku amepoteza pande zote mbili. Mpelekeni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni au kituo kingine chenye mtaalamu wa macho, na muombe kwa jina lake kipimo cha uwanda wa kuona na cha presha ya macho.

Nyumbani kipo kipimo cha awali, ingawa hakichukui nafasi ya daktari. Watu wawili wakae wakitazamana, umbali wa mkono mmoja. Mmoja afumbe jicho la kulia, mwenzake la kushoto, na kila mmoja akazie jicho la mwenzake lililo wazi. Anayepima alete vidole kutoka pembeni, kati yao, akivichezesha: kulia, kushoto, juu, chini. Wote wawili wanapaswa kuviona karibu wakati mmoja. Anayechelewa sana upande fulani aende akapimwe wiki hii, asingoje maumivu.

Sasa naomba mkae wawili wawili, wazee na vijana wachanganyike, tulijaribu jicho moja baada ya jingine. Tukimaliza, nitapokea maswali ya nauli.