Kura Ndogo Iliyo Karibu na Mlango Wako

(Hotuba iliyosomwa na mfanyakazi wa reli mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya uchaguzi wa baraza, nami nitasema kwa maneno ya kawaida, kwa kuwa mimi si mwanasiasa wala mwanasheria. Mimi ni mtu wa reli kama ninyi. Sikuja kumwombea mtu kura, wala chama chochote cha siasa. Nimekuja kusema juu ya karatasi moja tu.

Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura hupewa karatasi sita: ya Rais, ya Gavana, ya Seneta, ya Mwakilishi wa Wanawake, ya Mbunge, na ya Mwakilishi wa Wadi. Hiyo ya wadi ndiyo watu huidharau. Mtu akisha kumpigia Rais huona kazi yake imekwisha. Hiyo nyingine humpa yeyote aliyesikia jina lake, au yule wa chama kile kile, bila kujua sura yake. Na wako wengi ambao hawafiki kituoni kabisa.

Ndugu zangu, karatasi hiyo inayodharauliwa ndiyo iliyo karibu zaidi na mlango wako. Hadi mwaka 2013 tulikuwa na mabaraza 175 ya miji na wilaya, na wajumbe wake tukiwaita madiwani. Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na wadi 1450 za kuchagua wajumbe wa mabunge ya kaunti. Jina limebadilika, lakini shida ni zile zile. Zahanati, masoko, takataka, maji, mitaro ya maji machafu, taa za barabarani, barabara ndogo za mtaani, shule za chekechea: yote hayo Katiba imeyatia mikononi mwa kaunti. Katiba imesema tena kwamba kaunti zigawiwe kila mwaka pesa zisizopungua shilingi 15 katika kila shilingi 100 za mapato ya serikali kuu, kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge.

Nani hupitisha matumizi ya pesa hizo? Ni wajumbe wa wadi. Nani hupitisha sheria ya kila mwaka ya ushuru wa soko na ada za leseni za biashara? Ni hao hao. Mama akiketi sokoni na mafungu yake ya sukuma wiki, na mtoza ushuru akaja asubuhi, bei ile haikutoka mbinguni. Ilipitishwa na watu walioinua mikono, na mmoja wao ametoka katika wadi yako.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mwaka 2022 wapiga kura walioandikishwa Kenya nzima walikuwa zaidi ya milioni 22. Ukiwagawa kwa wadi 1450, kila wadi inapata watu kama 15,000. Mwaka huo waliopiga kura walikuwa kama 65 katika kila 100. Mwaka 2017 walikuwa kama 78, na mwaka 2013 walikuwa kama 86. Mwaona wenyewe jinsi tunavyoteremka.

Basi chukua wadi ya watu 15,000. Wamekwenda kama 10,000, na 5,000 wamebaki nyumbani. Tuseme wagombea wako wanane, na kura zikagawanyika. Mtu aweza kushinda kwa kura 3,000, maana sheria yataka awe mbele ya wenzake tu. Wale 5,000 waliolala walikuwa chama kikubwa kuliko cha mshindi! Lakini ni chama kisicho na mjumbe. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Mwenzangu mmoja kazini aliniambia, "Mimi kutopiga kura ndiyo kura yangu. Nimekataa wote." Nilimjibu kwa mambo ya kazi yetu. Yule mtu anayegeuza njia za reli pale stesheni, asipogeuza, je, gari linasimama kumngoja? Halisimami. Litafuata njia ile ile iliyoachwa na mtu wa mwisho. Kukaa kwako nyumbani hakusimamishi gari. Kunamwachia mwingine kuchagua njia, nawe umo ndani ya behewa.

Hata hivyo, sitaki tuwatukane waliochoka. Uchovu wao una sababu. Baba zetu mwaka 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao wa kwanza wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, haki ya kura ilipimwa kwa elimu, mapato, mali na utumishi. Mmoja aliweza kuwa na kura tatu, na jirani yake hana hata moja. Tena katika mchujo wa mwaka 1988 watu walipangwa mstari nyuma ya wagombea, na malalamiko yakawa mengi kwamba mstari mfupi ulitangazwa mshindi. Mtu aliyeona hayo, au aliyesimuliwa na babake, hawezi kuambiwa tu, "Amka ukapige kura," kama mtoto wa shule. Kisha ameona mjumbe akipita na gari jipya, na mtaro mbele ya nyumba bado unanuka.

Lakini niulize: je, mtaro ule ulizibuka kwa sababu tulinuna? Wale waliosoma shule za misheni wanakumbuka hadithi ya miti katika kitabu cha Waamuzi. Miti ilitaka mfalme. Mzeituni ukakataa, una mafuta yake. Mtini ukakataa, una matunda yake. Mzabibu nao ukakataa. Basi mti wa miiba ukakubali upesi, na ukaanza kwa vitisho. Watu wazuri wakisema, "Mimi sitaki mambo ya baraza, ni machafu," hawalifanyi baraza kuwa safi. Wanaupa mti wa miiba nafasi.

Na hapa ndipo neno la kuchagua linapoanza. Twalalamika kwamba siku ya kura hakuna mtu wa maana katika karatasi. Ni kweli mara nyingine. Lakini karatasi ile haiandikwi siku ile. Katika sehemu nyingi chama kimoja kina nguvu, na mwenye tiketi yake ameshinda kabla ya Agosti. Kwenye mchujo ule huenda watu wachache zaidi, na sisi tunasema ni mambo ya vyama. Na kama vyama vyote havina mtu, Katiba imefungua mlango mwingine: mgombea huru wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 walioandikishwa katika wadi hiyo. Katika mtaa wa wafanyakazi, 500 si idadi ya kutisha.

Jambo la pili ni letu sisi watu wa kuhamahama. Wengi wetu tumeajiriwa mjini na tumeandikishwa kura nyumbani, kwa wazee. Twasafiri siku ya uchaguzi, tukipata ruhusa na nauli. Tusipopata, hatupigi kabisa. Simlaumu mtu kwa kupenda kwao. Lakini hesabu siku zako. Mwenye kuishi mjini miezi kumi na mmoja, na watoto wake wanakunywa maji ya hapa na kutibiwa zahanati ya hapa, amemchagulia nani mjumbe wa maji hayo? Mjumbe wa hapa anajua vizuri sana kwamba hatumo katika daftari lake. Ndiyo maana hatutembelei. Sheria yaruhusu mpiga kura kuhamisha jina lake, lakini ifanyike mapema. Usingoje daftari lifungwe.

Jambo la tatu ni zile shilingi mia mbili za usiku wa kuamkia kura. Mjumbe hukaa miaka mitano, ndiyo miezi 60. Gawanya mia mbili kwa 60: umejiuza kwa shilingi tatu na senti thelathini hivi kwa mwezi. Hapa tawini tungekubali nyongeza ya namna hiyo katika mshahara? Na sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamshika mtoaji na mpokeaji pia.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali mambo manne. Kwanza, kila mwanachama aangalie jina lake liko daftari la wapi, na aamue kama ndipo anapoishi. Pili, tawi liwaite wagombea wote wa wadi hii, bila kupendelea, wajibu maswali ya maji, mitaro na ushuru wa soko, na majibu yao yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu. Tatu, katibu azungumze na wakuu wa kazi mapema juu ya zamu za siku ya kura. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na moja jioni, na mtu aliyepangwa kazini saa zote hizo amenyimwa kura hata kama hakuna aliyemkataza. Nne, baada ya uchaguzi tuchague wanachama wawili wa kuhudhuria mikutano ya makadirio ya kaunti, maana Katiba yataka wananchi washirikishwe, na viti vile huwa vitupu.

Chama chetu cha wafanyakazi hakikujengwa na watu waliongoja katibu mwema ashuke kutoka juu. Kilijengwa na watu waliolipa ada, wakaja mkutanoni wakiwa wamechoka na kazi, wakamchagua mtu, na alipokosea wakamuuliza. Baraza la kaunti halitaki dawa nyingine. Uchaguzi mkuu huja Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kujiandaa kwake kwaweza kuanza jioni hii, kabla hatujatoka katika chumba hiki.