NJAA YA MWILI NA NJAA YA ROHO

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya waalimu katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, Lobule, Koboko)



Sisi waalimu tumeombwa kusema juu ya chakula cha roho. Ni neno gumu mbele ya watu ambao sufuria zao ni nyepesi. Mwezi wa Aprili 2020 mgao wa WFP kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Mwaka 2023 kaya ziligawanywa makundi matatu, na kundi la tatu likaachwa bila mgao. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja nchini walikatiwa msaada. Katika shida hiyo tunasikia maneno mawili. Wengine husema, "Neno la Mungu halijazi sufuria." Wengine husema, "Anayelia njaa hana imani." Yote mawili yamepotoka.

Tutazame Yohana sura ya 6. Umati ulipomfuata Yesu, hakuwaambia waombe mpaka njaa iishe. Alitwaa mikate mitano na samaki wawili wa mtoto mmoja, akashukuru, wakala wanaume wapatao 5,000. Kesho yake ndipo alipowafundisha kwamba yeye ndiye mkate wa uzima. Mhubiri anayemkaripia mwenye njaa ameisahau siku ya kwanza. Naye anayeshiba na kwenda zake ameisahau siku ya pili.

Njaa ya roho ina dalili zake. Mtu amekula, lakini moyoni bado anapanga kisasi cha kijiji alichokiacha. Kijana ana afya, lakini haoni sababu ya kuamka asubuhi. Mjane ana paa, lakini hakuna anayemwita kwa jina. Anajulikana kwa namba ya kadi. Njaa hiyo haimalizwi na lori la chakula. Inataka Neno, sala, Meza ya Bwana, na ndugu anayebisha hodi.

Tukumbuke pia mana katika Kutoka sura ya 16. Kilikuwa chakula cha watu waliotoka kwao, kama sisi. Kila mtu alipimiwa pishi moja. Aliyeokota nyingi hakubakiza, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Somo la roho lilikuwa ndani ya kipimo chenyewe: anayemtumaini Mungu hamnyimi jirani.

Mpaka wetu unalijua somo hilo. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918 wakitokea Kongo, wakaleta Neno. Mwaka 1979 na 1980 watu wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan, wakaishi huko miaka mingi wakiwa wageni. Baadaye sisi tulivuka kuja kwao, na ardhi tunayolima hapa Lobule tumeipata kwa wenyeji hao. Waliojua njaa ya ugenini walitupokea.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, wachungaji na makatekista, msihubiri kwamba njaa ni adhabu.

Pili, siku ya mgao kila nyumba inayopata itenge kikombe kimoja cha unga. Vikundi vya sala vikipeleke kwa nyumba isiyopata, iwe ya Mkatoliki, Mprotestanti au Mwislamu, na mpelekaji akae kidogo, asikilize.

Tatu, ndugu wa mashirika, mtuambie mapema mgao unapobadilika. Na mtu akifika mezani kwenu, mwiteni kwa jina kabla ya namba.

Watoto wetu darasani wanajua tofauti ya "yangu" na "yetu". Bwana alipotufundisha kuomba riziki ya kila siku, alitufundisha kusema "yetu". Tuombe hivyo, na tule hivyo.