Gari likigoma kuwaka: sikiliza kwanza, nunua baadaye

(MLIO WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya gari kuukuu linalokataa kuwaka. Gari moja kambini linabeba mengi: mgonjwa wa kupelekwa hospitali, mzigo wa mama wa sokoni, chakula cha dereva na watoto wake. Na wako vijana wetu wanaojifunza ufundi. Basi tumekuja Buyenzi, mtaa wa magaraji na wa Kiswahili. Fundi, karibu.

FUNDI: Asante, dada. Salamu kwenu wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana.

Gari likigoma, watu hawakosi kukusanyika. Mmoja atasema demareri imekufa, yaani stata, ile mota inayozungusha injini. Mwingine atasema nunua betri mpya. Wote wanatoa dawa, na hakuna aliyempima mgonjwa. Pesa inayotoka ni yako. Na pengine ugonjwa wenyewe ni waya uliolegea, wa kukazwa kwa spana ya namba 10.

Kwa hiyo shikeni neno moja: sikiliza kwanza, kisha anza na kisichogharimu kitu. Kama gari ni otomatiki, hakikisha gia iko P au N. Ikiwa mahali pengine, gari halitawaka hata kama ni zima. Sasa zungusha funguo, utege sikio.

(SAUTI: TAK-TAK-TAK-TAK, HARAKA HARAKA.)

Hiyo ni sauti ya kwanza. Umeme upo, lakini hautoshi. Betri imechoka, au vichwa vyake vimelegea au vimeota unga mweupe au wa kijani. Zima gari, fungua boneti, shika kila kichwa cha betri ukijaribu kukizungusha kwa mkono. Kikicheza, umepata kosa. Kifungue, ukianza na waya wa hasi, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha kaza, ukimalizia na hasi. Unga ule usiuguse kwa mikono mitupu, maana una asidi. Fuata pia waya mweusi mpaka unapofungwa kwenye bodi na injini. Pale napo kutu hujificha.

(SAUTI: TAK MOJA NZITO. KIMYA.)

Hiyo ni ya pili. Hapa washa taa kubwa za mbele, kisha zungusha funguo tena, mwenzako akiangalia taa. Taa zikififia sana au kuzimika, rudi kwenye betri na nyaya zake. Taa zikibaki na nguvu, na injini haizunguki, sasa ndipo tunaishuku demareri. Ukiigonga polepole kwa kipande cha mti na gari likawaka, usifurahi sana. Huenda makaa ya ndani yamekwisha. Limekupa nafasi ya kufika garaji, si dawa.

(KIMYA.)

Na kimya kabisa je? Kama hata taa za dashibodi haziwaki, betri imeisha au waya umekatika. Kama dashibodi inawaka vizuri lakini gari halisemi kitu, angalia fyuzi, ile gia ya otomatiki, na swichi ya funguo.

MTANGAZAJI: Na kama injini inazunguka vizuri, lakini haiwaki?

FUNDI: Hapo demareri haina kosa, dada, na betri haina kosa. Iacheni. Injini ya esansi inataka vitu vitatu: esansi, moto wa bujii, na hewa. Fungua funguo bila kuwasha, usikilize upande wa kiti cha nyuma. Magari mengi ya sindano za esansi yana pampu ndani ya tangi, nayo hutoa mvumo wa sekunde mbili hivi. Kama huusikii, anza na fyuzi ya pampu. Gari la zamani lenye kabureta likinuka esansi, limelewa. Kanyaga mafuta mpaka chini, uzungushe kidogo. Usizungushe zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Pumzisha dakika moja, la sivyo utaiunguza demareri iliyokuwa nzima.

Na hapa Burundi tumeona miaka ya uhaba wa esansi. Magari yamelala foleni, mengine yamelala nyumbani wiki nzima. Gari linalolala linaendelea kunywa umeme kidogo kidogo, kwa saa na kwa alamu. Betri ikilala bila chaji, inaharibika ndani. Ukijua gari litakaa, fungua waya wa hasi. Ni kazi ya dakika mbili.

Tena joto la huku bondeni, kando ya ziwa, linakausha maji ya betri. Kama betri yako ina vifuniko, angalia maji kila mwezi, uongeze maji ya betri yaliyosafishwa, si ya bomba wala asidi. Ukiwa na kipimo cha volti, betri iliyojaa na kupumzika inaonyesha kama 12.6. Ikishuka hadi 12, imekaribia kuisha. Injini ikiwaka, inapaswa kupanda kati ya 13.5 na 14.5. Kama haipandi, alternata haichaji, na ukinunua betri mpya leo, nayo itaisha.

Kama gari limegoma mara tu baada ya kutia esansi ya bidoni, shuku esansi hiyo. Huenda ina maji. Na kamwe usinyonye esansi kwa mdomo. Mtu akiimeza, msimtapishe. Mpelekeni kituo cha afya haraka.

MTANGAZAJI: Na kuliwasha kwa betri ya gari jingine?

FUNDI: Fuateni mpango huu. Waya mwekundu, kwanza chanya ya betri iliyoisha, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi, kwanza hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho isiguse betri iliyoisha: ifunge kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Betri inatoa gesi inayolipuka, na cheche moja inatosha. Hakuna sigara. Betri iliyopasuka, usiiunganishe. Kutoa ni kinyume chake, ncha ya mwisho itoke kwanza.

Kusukuma ni kwa gari la gia za mkono tu: funguo wazi, gia ya pili, achia klachi likishika mwendo. Kumbuka, injini ikiwa imezimika, breki na usukani vinakuwa vizito. Watoto wakae mbali, mbele na nyuma.

Neno la mwisho kwa vijana. Mteja akija, mwonyeshe kosa kwa macho yake kabla hujataja bei. Kama ni kichwa cha betri, sema ni kichwa cha betri. Vyeti vyetu wengi tuliviacha tulipokimbia. Hapa mtu anakujua kwa kazi aliyoiona, na kesho atamleta ndugu yake.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, katika vikundi vyenu, jadilini haya: Ni nani kambini kwenu ana gari la kumbebea mgonjwa usiku, na nani anajua kulipima likigoma? Je, kuna fundi anayeweza kumfundisha kijana, msichana kwa mvulana?

(MLIO WA KIPINDI UNAPANDA. MWISHO.)