Je, Mtoto Wako Yuko Tayari Kulala Kambini?

Mzazi au mlezi unayetusikiliza hapa Eldoret, likizo ya Agosti inakaribia. Makanisa na vikundi vya skauti huwapeleka watoto kambini. Je, mtoto wako yuko tayari kulala mbali na nyumbani?

Usiangalie umri peke yake. Angalia anachoweza kufanya. Je, anaoga na kuvaa bila kusaidiwa? Akiumwa au akiogopa usiku, atamwambia mtu mzima asiye mzazi wake? Na je, yeye mwenyewe anataka kwenda?

Mjaribu kwanza. Mpeleke kwa shangazi au nyanya, alale huko bila wewe. Akirudi, muulize alilalaje. Msikilize, usimcheke. Kama bado anakojoa kitandani, usimwaibishe. Zungumza na msimamizi wa kambi kwa faragha.

Kisha ikague kambi. Uliza nani atalala karibu na watoto. Dawa za mtoto wako zitawekwa na nani? Kama kambi iko Kaptagat, usiku kuna baridi. Mfungashie sweta, soksi na blanketi nzito.

Mwambie mtoto: mtu akikugusa vibaya, hata akisema ni siri, niambie. Ukihofia usalama wa mtoto yeyote, piga simu ya msaada kwa watoto, 116. Narudia: moja, moja, sita. Simu ni ya bure.

Kumbuka: si umri, ni utayari. Mjaribu kwa jamaa, ikague kambi, ndipo uamue. Akisema bado, mngoje. Likizo nyingine ipo.