Ujira na Elimu kwa Pamoja



Maneno yangu ni machache, nayo nawaelekezea hasa vijana watakaojaaliwa kuhamia Marekani kwa jamaa zao. Wengi hudhani ya kuwa huko ufundi umeme haupatikani ila kwa karo kubwa, au kwa mkopo wenye riba. Sivyo.

Kiko chama cha wafanyakazi wa umeme, IBEW, kilichoasisiwa mjini St. Louis mwaka 1891. Chama hicho pamoja na makandarasi huendesha mafunzo ya uanagenzi. Mwombaji sharti awe amemaliza sekondari na kufaulu aljebra. Hutahiniwa hesabu na kusoma, kisha huhojiwa. Akikubaliwa, kwa kawaida hujifunza miaka 5: kazini chini ya fundi saa 8,000 hivi, na darasani saa 900 hivi. Tangu mwanzo hulipwa sehemu ya ujira wa fundi kamili, nayo huongezeka kila apandapo daraja.

Basi tazameni, ndugu zangu: mlango huo ufunguo wake si fedha, ni hesabu. Nanyi wazee, msimtoe mtoto shuleni kwa ajili ya kibarua cha leo, kwani mtamfungia mlango ambao hajaufikia. Na kijana asiyesafiri, hesabu hizo hizo zitamfaa hapa kwetu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Wabillahi tawfiq.